Prosesa Yenye Homa



Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja wa Kisauni, na kwa kuwa aliyoyauliza tumeyasikia pia Likoni na Malindi, tumeona tumjibu hapa kuliko kumjibu faraghani. Mama huyu ana watoto wawili wakubwa, binti na kijana. Zamu yake ya chama ilipofika mwaka juzi, alitoa shilingi 58,000 akawanunulia laptopu moja iliyotumika, katika zile ziitwazo ex-UK, ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mwenye haja nayo hasa alikuwa binti. Yeye hupiga video za kupamba na za harusi upande wa wanawake, kisha hukaa nyumbani akazikata na kuziunga, na kazi hiyo huzielemea kompyuta za kawaida. Kijana naye alichangia alichokuwa nacho, kwa sharti kwamba mchana mashine iwe ya dada yake na usiku iwe yake, acheze mpira wake wa kwenye kioo.

Sasa mashine imechoka kabla ya siku zake. Video iliyokuwa ikikamilika kwa saa moja yachukua saa mbili na ushei, feni yavuma kama upepo wa kusi, na mchezo wa kijana wakwama kila baada ya dakika chache. Fundi mmoja wa mjini aliigeuza huku na huku, akasema prosesa inakufa, afadhali aachiwe kwa bei ya spea. Kijana akakataa katakata. Anasema amejifunza kwamba prosesa yaweza kurekebishwa kwa programu, bila kununua kitu, ikarudi kwenda mbio. Binti naye anachelea, kwa kuwa harusi za watu zimo ndani ya mashine hiyo. Mama anatuuliza: amzuie kijana, amwache, au auze yaishe?

Jibu letu kwa mukhtasari ni kwamba asiuze, wala asimzuie. Lakini kijana asiguse kitu kabla ya kazi ya dada yake kuondolewa ndani, na marekebisho yenyewe yawe ya kupunguza, yasiwe ya kuongeza. Sisi tuliojifunza herufi kwa ubao na wino hatukukulia katika elimu hii. Tumekaa na vijana wanaoijua, tukauliza, tukaona kwa macho, na ndiyo tunayoyaeleza.

Mama ametuandikia jina la prosesa kama kijana alivyolisoma: Core i7-9750H ya Intel, iliyotoka mwaka 2019. Ni prosesa yenye viini sita, yaani ni kama vichwa sita vinavyofikiri kwa pamoja. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.6, maana yake mapigo bilioni mbili na milioni mia sita kwa kila sekunde moja. Ikipata nafasi, kiini kimoja chaweza kupanda hadi gigahezi 4.5. Uzito wa maneno hayo umo katika “ikipata nafasi”, na nafasi hiyo ni ubaridi. Joto la ndani ya prosesa likifika nyuzi 100 za Selsiasi, yenyewe hujipunguzia kasi ili isiungue. Haimwombi mtu ruhusa, wala haiandiki onyo lolote kwenye kioo. Mtumiaji huona tu kwamba kazi imekuwa nzito na mchezo unakwama.

Basi dalili alizozieleza mama ni dalili za mashine inayojikinga. Aliye na homa hakimbii, na kutokimbia kwake hakumaanishi kwamba anakata roho. Prosesa ni katika vitu vinavyokufa kwa nadra mno ndani ya kompyuta. Hufa feni, hufa betri, hufa chaja, na kitasa cha chaja hulegea. Prosesa huwa ya mwisho. Fundi anayehukumu kifo chake bila kuipima joto wala kuifungua, kisha akajitolea kuinunua, maneno yake yatiwe kwenye mizani.

Hapa kuna jambo lililowatatiza hata wataalamu wakubwa. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba kasi huongezwa kwa kuongeza mapigo, na mapigo kwa kuongeza umeme. Kampuni ya Intel yenyewe ilikuwa imepanga kutoa prosesa ya Pentium 4 yenye gigahezi 4, na mwezi wa Oktoba 2004 ikaufuta mpango huo, kwani joto lilikuwa limeshakuwa ukuta. Baada ya hapo kampuni zikageukia kuongeza idadi ya viini. Ukuta huo haujavunjwa hadi leo, umezungukwa tu. Na mashine ya kupakata ndiyo iliyobanwa nao zaidi, kwa sababu vyote vimerundikwa mahali pamoja pembamba: prosesa, kadi ya picha, betri, na feni mbili ndogo.

Tuieleze hesabu yake, maana ndiyo siri ya jambo zima. Umeme unaoliwa na prosesa, ambao wote huishia kuwa joto, hufuata vitu viwili: mapigo na volteji. Mapigo huhesabiwa mara moja, lakini volteji huhesabiwa kwa kuzidishwa kwa nafsi yake. Chukua volteji ya 1.10, uizidishe kwa 1.10, utapata 1.21. Ishushe hadi 1.00, uizidishe kwa 1.00, utapata 1 kamili. Kwa mapigo yale yale, kazi ile ile, joto linalotokana na kazi hiyo limepungua kwa takriban asilimia 17. Anayeshusha volteji kidogo anavuna zaidi ya alichoshusha. Na mashine iliyokuwa ikijizuia kwa sababu ya joto sasa hupata nafasi ya kupanda tena. Ndiyo maana twasema kwamba kuipunguzia umeme ndiko kunakoifanya iende mbio.

Mwenye akili atauliza: ikiwa ni hivyo, mbona waliotengeneza hawakuishusha wenyewe? Mfano wake ni fundi wa kushona anayeletewa oda ya kanzu mia mbili za wanafunzi wa madrasa bila kupimwa hata mwanafunzi mmoja. Atazikata zote pana, zimwingie hata aliye mnene kuliko wote. Prosesa nazo hazitoki zikiwa sawa. Moja hutosheka na umeme kidogo, nyingine hutaka zaidi kwa kasi ile ile. Kiwanda huweka volteji itakayozitosha hata zilizo dhaifu, tena katika joto kali, tena baada ya miaka. Kwa hiyo nyingi huwa zinavaa kanzu pana kuliko miili yao, na kijana anachotaka kufanya ni kupunguza mapindo.

Hata hivyo asianze na mapindo. Kanzu haipunguzwi kabla ya kufuliwa.

Laptopu iliyotumika hufika ikiwa na miaka mitatu au minne, kisha huingia katika hewa yetu ya Pwani yenye unyevu, chumvi na vumbi. Vumbi likichanganyika na nyuzi za mazulia, vitambaa na nywele, hujipanga kwenye mapezi madogo ya shaba au alumini ambamo feni hupuliza hewa, likawa kama blanketi. Feni huzunguka kwa nguvu zake zote na hewa haitoki. Tumeona mashine ikifunguliwa likatolewa pande la utandu lililoshikana kama kipande cha kitambaa, na mwenye mashine alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya nyingine.

Kuifungua si kazi ya mtoto mdogo, lakini kijana mwangalifu ataiweza. Aizime kabisa, achomoe chaja, na akishaifungua achomoe waya wa betri kabla ya kugusa kitu chochote. Akiona betri imevimba au imeinua kifuniko, asiendelee. Betri ya aina hiyo haibonyezwi wala haitobolewi, hubadilishwa, kwani yaweza kuwaka moto. Akipuliza vumbi au kulipiga brashi, ashikilie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo yakaharibu feni. Kisha aitazame ile pesti iliyo baina ya prosesa na bamba la shaba, ambayo kazi yake ni kulipitisha joto. Katika mashine ya umri huo mara nyingi huwa imekauka kama udongo wa mfinyanzi. Huifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, akapaka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, akafunga skrubu kwa zamu za pembe kwa pembe ili bamba likae sawa. Asiyejiamini ampelekee fundi kwa kazi hiyo peke yake, akae pale mpaka imalizike.

Nasi tuna sababu ya kusema akae pale. Ndani ya mashine hiyo zimo video za kupamba. Wanawake waliovua mabuibui yao kwa sababu waliambiwa kwamba ukumbini hamna mwanamume, na mpiga picha ni binti wa watu kama wao. Wamemwamini binti huyu, wala hawakumwamini fundi wa mjini, wala mnunuzi wa spea, wala, tuseme kweli, kaka yake. Kompyuta ikiuzwa kwa bei ya spea, diski yake huuzwa pamoja nayo, na faili zilizofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurudishwa na anayejua. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya bisibisi na kabla ya programu, ni binti kuhamisha kazi zote kwenye diski ya nje, ahakikishe kwamba zinafunguka huko, kisha aifungie diski hiyo kabatini. Ikibidi mashine iende kwa fundi, diski ya ndani itolewe ibaki nyumbani. Katika laptopu nyingi za aina hii hushikwa kwa skrubu moja au mbili tu. Fundi atakayesema hawezi kubadili feni bila diski, atafutwe mwingine.

Kuhamisha kazi kuna faida nyingine tutakayoieleza, kwani hatari halisi ya jambo analolitaka kijana iko upande huo.

Mashine ikishasafishwa, ipimwe. Kuna programu iitwayo HWiNFO, ya bure kwa matumizi ya nyumbani, inayoonyesha joto na kasi ya kila kiini. Kuna nyingine, Cinebench, inayoipa prosesa kazi nzito ya kuchora picha na kutoa alama mwishoni. Kijana achukue daftari, aandike: saa ngapi, feni ya chumbani imewashwa au la, joto limefika ngapi, kasi imetulia kwenye ngapi, alama ni ngapi. Asipoandika atabaki na “naona kama imekuwa afadhali”, na hayo ni maneno ya mtu aliyekunywa dawa ya barabarani. Aangalie pia chaja. Laptopu za michezo hutaka chaja nzito, na baadhi zikipewa chaja isiyo yake, au isiyotambulikana, hushusha kasi ya prosesa hadi chini kabisa, huku betri ikionekana inajaa vizuri. Wapo waliohangaika miezi na programu kumbe dawa ilikuwa chaja. Na aangalie inakolazwa. Mashine inayovuta hewa kutoka chini ikiwekwa juu ya godoro au mkeka mnene imezibwa pua. Vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu yake ya nyuma havigharimu kitu, na nyuzi kadhaa huondoka kwa hivyo tu.

Katika nyumba nyingi jambo litakwisha hapo. Tunawajua waliosafisha na kubadili pesti, wakarudi kwenye kasi ya siku ya kwanza, na hawakuhitaji programu yoyote.

Kama bado joto liko juu, ndipo kijana aingie katika alilolitaka. Programu inayotumiwa na wengi kwa prosesa za Intel huitwa ThrottleStop, nayo ni ya bure. Aichukue kwenye ukurasa wenye sifa njema. Programu za namna hii hupewa mamlaka juu ya mashine nzima, na nakala bandia yenye virusi ni sawa na kumpa mwizi ufunguo wa mlango wa mbele. Ndani yake kuna mahali penye herufi FIVR, ambapo volteji ya viini na ile ya kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, hupunguzwa kwa milivolti. Katika prosesa ya kizazi hiki vitu viwili hivyo hushirikiana, kwa hiyo apunguze vyote kwa kiasi kimoja. Kushusha kimoja peke yake ni kupoteza wakati.

Aanze na milivolti 50. Aipe mashine kazi nzito dakika kumi, aandike namba. Ikiwa salama, aende 60, kisha 70, hatua kumi kumi, kila mara akipima na kuandika. Itafika mahali kioo kitageuka samawati na mashine ijizime na kujiwasha, au igande tu. Mama asishtuke akiona hivyo, wala asimpigie kelele mtoto. Maana yake ni kwamba umeme sasa ni mchache mno kwa hesabu kukamilika kwa wakati wake, hesabu ikakosewa, mashine ikasimama. Prosesa haikuumia. Volteji ya chini haiichomi prosesa. Ya juu ndiyo iwezayo kuiua. Mashine ikizimwa kabisa na kuwashwa, hurudi kwenye umeme wake wa kiwandani mpaka programu ifunguliwe tena. Ndiyo sababu kijana asiiamuru programu ijifungue yenyewe kila kompyuta inapowashwa, hadi zipite siku kadhaa za kazi bila tatizo. Akiharakisha hilo, atajikuta na mashine inayoanguka kabla hajapata nafasi ya kuirekebisha.

Baada ya kuanguka, arudi nyuma kwa milivolti 20 au 30 na akae hapo. Prosesa moja itasimama imara kwenye 110, na dada yake aliyetoka kiwanda kimoja naye atakataa kwenye 70, kwa sababu ile ya kanzu tuliyoieleza. Asijilinganishe na namba za watu. Tena kupita mtihani wa Cinebench hakutoshi. Ijaribiwe kwa kutoa video nzima ya harusi, na kwa saa mbili za mchezo, kwani kuna mashine inayovumilia mtihani ikaja kuanguka kazini.

Na hapa ndipo palipo hatari tuliyoiashiria. Mashine iliyopunguzwa umeme kupita kiasi yaweza kukosea hesabu bila kuanguka, au ikaanguka katikati ya kuandika faili. Prosesa itabaki nzima na faili litaharibika. Prosesa hununuliwa, lakini usiku wa kupamba wa binti wa mtu haurudiwi. Kwa hiyo katika siku za majaribio kazi za wateja zibaki kabatini, na binti atumie nakala, asitumie asili. Tungependelea hata majaribio yafanywe juma ambalo hakuna harusi ya kukabidhi. Baada ya Idi mashine haina nafasi ya kuumwa.

Kijana atakutana na jambo jingine: huenda akaikuta sehemu ya volteji imefungwa, haikubali kupunguzwa hata kidogo. Sababu yake ni hii. Mwezi wa Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu waliouita Plundervolt. Walionyesha kwamba mtu aliyekwisha kuwa na mamlaka kamili juu ya kompyuta aweza kuchezea volteji hiyo hiyo kwa makusudi, akaikosesha prosesa hesabu, na kwa makosa hayo akazichomoa siri zilizohifadhiwa katika chumba chake cha ndani. Intel ikatoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa laptopu wakaufunga mlango huo kupitia BIOS. Kijana akikuta kufuli, atashawishiwa na werevu wa mitandaoni arudishe BIOS ya zamani. Sisi tunasema asifanye. Kurudisha BIOS nyuma, stima ikapotea katikati na betri nayo ni dhaifu, kwaweza kuiacha mashine ikiwa ubao, na huko ndiko kuifanya ya spea kweli.

Aliyekuta kufuli bado ana njia. Programu ile ile mara nyingi hukubali kushusha ukomo wa kasi, kwa mfano kutoka 4.5 hadi 3.6. Msomaji ataona kinyume, lakini mashine inayotembea kwa 3.6 bila kukoma humaliza video mapema kuliko inayoruka hadi 4.5 kwa sekunde chache kisha ikaanguka hadi 2 na kitu kwa ajili ya joto. Na kuna njia nyepesi isiyohitaji programu yoyote, inayomfaa hata mama mwenyewe. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, palipoandikwa Maximum processor state, badala ya 100 huandikwa 99. Kwa tarakimu hiyo moja prosesa huacha kuruka juu na hukaa kwenye kasi yake ya msingi, kwetu hapa 2.6, na joto hushuka mno. Kwa michezo na video ni hasara kiasi. Kwa barua, hesabu za biashara na masomo ya watoto, hakuna atakayejua tofauti, isipokuwa nyumba itakuwa kimya.

Kwa michezo kuna jambo vijana wengi wanalipuuza. Kioo cha kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde. Mchezo usipowekewa mpaka, mashine yaweza kuhangaika kuchora 120 au 150, na zinazozidi 60 haziongezi kitu machoni. Ukiwekwa mpaka wa 60, prosesa na kadi ya picha hupumua pamoja, na ni muhimu zipumue pamoja, kwa sababu katika laptopu nyingi huchangia mabomba mamoja ya kutolea joto. Joto la mmoja humwunguza mwenziwe.

Yako mambo ya kukataza bila mjadala. Kijana asiongeze volteji. Asitafute kuivusha prosesa juu ya kasi iliyoandikiwa. Nyingi zenye herufi H peke yake zimefungwa kwa upande huo hata hivyo, na zenye HK ndizo zilizoachwa wazi. Asiguse alama iliyoandikwa PROCHOT kwa nia ya kuiondoa. Hiyo ndiyo inayoiambia prosesa ipunguze mwendo kunapokuwa na hari, na anayeizima ili mchezo usikwame ni kama aliyeng'oa kengele ya moto ili apate usingizi.

Kijana hafanyi upuuzi hapa. Kupima, kuandika, kupunguza kidogo kidogo na kurudi nyuma inapobidi ni elimu kamili, na wapo wanaolipia ada kufundishwa. Tungependa dada yake akae naye mezani, yeye ndiye awe mwandishi wa daftari, maana kazi ni yake na atajua siku ambayo namba zimebadilika. Tena vipimo vifanywe saa ileile. Chumba cha Kisauni adhuhuri ya mwezi wa Februari na chumba hicho hicho baada ya Isha ni vyumba viwili, na joto la hewa huongezeka juu ya joto la prosesa karibu digrii kwa digrii. Watakachokipata sasa wakati wa kusi, wakipime tena kaskazi itakapoingia, na utandu wa vumbi uondolewe angalau mara mbili kwa mwaka.

Kama baada ya yote haya joto linaruka hadi 100 ndani ya sekunde chache tangu kazi kuanza, basi ama bamba la shaba halikukaa sawa juu ya prosesa, ama feni moja haizunguki. Aweke sikio, kisha aweke kiganja kwenye kila tundu la kutolea hewa. Feni ya laptopu hupatikana kwa kuagiza, kwa namba iliyoandikwa mgongoni mwake, na hubadilishwa na yeyote aliyeweza kuifungua mara ya kwanza.

Dada yetu atuletee lile daftari likishajaa. Tungependa kuziona namba zao.